Hedifoni Zilikuwa Nzima

Niseme moja kwa moja: hedifoni zile zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyezihukumu kuwa feki, nikamrudisha mwenye nazo Kariakoo akazibadilishe, nikamsemesha muuzaji kwenye simu kama mtu anayejua asemalo, na mwisho wa yote nikala hela ya ufundi kwa ugonjwa nisioujua. Kukosea katika kazi yetu ni jambo la kila siku. Lakini hapa palikuwa na mahali pengi pa kusimama na kuuliza, na kote nilipita mbio.

Mteja wangu ni dada anayenukuu mahojiano. Watafiti humletea sauti zilizorekodiwa, naye huzisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Laptopu yake anaitumia pamoja na mdogo wake anayesomea kompyuta chuoni. Kijana aliigawa diski: upande mmoja akaiacha Windows ya dada yake, upande wa pili akaweka Ubuntu kwa ajili ya masomo. Ukiwasha mashine inakuuliza unakwenda wapi. Mchana ni ya dada, usiku ni ya kijana. Na hedifoni, zile kubwa za Bluetooth zinazofunika masikio, wote wawili walikuwa wakizivaa. Hilo la mwisho sikuliuliza, wala wao hawakuona sababu ya kulitaja.

"Kaka, jana jioni zilikuwa zinalia vizuri kabisa. Leo asubuhi zimegoma," aliniambia. Nikawasha. Jina la hedifoni lilikuwa kwenye orodha, Windows inadai inazifahamu, lakini ukibonyeza kuunganisha inafikiri kidogo halafu inakataa. Nikatamka lile ambalo mafundi wengi tungelitamka: draiva. Nikaing'oa draiva ya Bluetooth, nikapakua nyingine kwa bando lake, nikaiweka, nikazifuta hedifoni kwenye orodha na kuzioanisha upya. Zikalia. Nikapokea elfu kumi yangu.

Kesho yake asubuhi akapiga simu. Zimegoma tena.

Nilirudia draiva, safari hii nikishusha toleo la zamani zaidi, kisha nikajaribu programu moja ya bure inayojigamba kutafuta draiva zote za mashine. Iliacha matangazo yasiyokwisha kwenye kioo cha dada wa watu, na hilo nalo nililisingizia kirusi. Kila mara zilikubali mbele yangu na kugoma nyumbani. Fundi akifika hapo huwa na njia mbili, kukiri hajui au kutafuta wa kumtupia lawama. Muuza hedifoni alikuwa mbali, hanijui, hawezi kujitetea. Nikamchagua yeye.

Ushahidi wangu mkubwa ulikuwa sauti. Nilimwomba dada ampigie mtafiti wake mmoja kwa njia ya intaneti ili tusikilize. Muziki uliokuwa ukitoka vizuri, mara simu ilipoanza, ukasinyaa. Besi ikapotea, ikabaki sauti ya puani yenye mikwaruzo. "Umesikia?" nikasema. "Orijino haiwezi kutoa sauti hii."

Inaweza sana. Hedifoni za Bluetooth tulizozizoea zina njia mbili za kupitisha sauti. Moja, mafundi wanaiita A2DP, hubeba muziki wa pande mbili, kushoto na kulia, lakini huelekea masikioni tu. Programu ikitaka maikrofoni, hedifoni huhamia njia ya pili, HFP, inayobeba maneno ya kwenda na kurudi. Huko sauti ni ya upande mmoja na hupimwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati muziki wa kawaida hupimwa mara 44,100. Ndiyo maana inasinyaa, na za bei mbaya husinyaa vilevile. Windows 10 yenyewe huziandika hedifoni hizo kama vifaa viwili, kimoja kina neno Stereo, kingine Hands-Free. Majina hayo nimeyaona kwenye mashine za watu wengi na sikuwahi kujiuliza kwa nini yako mawili. Dawa ingekuwa kumwambia dada atumie maikrofoni ya laptopu kuongea na aziache hedifoni kwenye Stereo. Isingemgharimu hata senti.

Badala yake nilimtuma Kariakoo. Akiwa dukani alinipigia, akampa simu muuzaji, mtu mzima kwa sauti yake, asiye na haraka.

"Mzee wangu, mimi ni fundi wa kompyuta. Mzigo huu ni feki."

"Fundi, mbona hapa kwenye simu yangu zinalia? Nimeziunganisha sasa hivi, binti mwenyewe amezivaa."

"Simu haina makuu, mzee. Kompyuta ndiyo inayopima."

Akakaa kimya kidogo. "Haya. Kama fundi kasema."

Sentensi yangu ile kuhusu simu haina maana yoyote. Niliitunga palepale. Kipimo alichokifanya yule mzee ndicho kipimo sahihi kabisa: unachukua kifaa kinacholalamikiwa, unakiunganisha na kitu kingine, ukiona kinafanya kazi unajua ubovu hauko kwenye kifaa. Mwanafunzi wa ufundi hufundishwa hivyo mwanzoni kabisa. Mzee alikuwa ameshalimaliza tatizo langu nusu nzima, nami nikamnyamazisha kwa cheo. Alizipokea hedifoni zilizokwisha funguliwa boksi, akampa dada nyingine za bei ya juu kidogo, dada akaongeza tofauti. Kitu kilichofunguliwa boksi hakiuzwi tena kwa bei yake, kwa hiyo na yeye alipata hasara. Dada alipoteza nauli, nusu siku ya kazi, na mtafiti mmoja aliyechoka kungoja.

Hedifoni mpya zilifanya kazi mpaka asubuhi iliyofuata.

Hapo nikaja na wazo la mwisho la fundi aliyeishiwa: kupiga Windows upya, na Ubuntu ifutwe kabisa kwa sababu "mifumo miwili inagombana". Kumbe nilikuwa karibu na ukweli bila kujua, lakini kwa njia ya kumteketezea mtu kazi yake. Kijana aliposikia akaja mwenyewe na laptopu mkononi.

"Kaka, naomba usifute upande wangu, nina mradi wa chuo humo. Halafu hata mimi zinanisumbua. Kila usiku lazima nizifute niziunganishe upya ndiyo zikubali."

Nikaweka chini bisibisi niliyokuwa nayo. Hedifoni mbovu hazigomi kwa zamu.

Sasa nieleze kilichokuwa kikitokea, maana wengi wenye mashine ya mifumo miwili wanateswa na jambo hili na wanaambiwa uongo niliowaambia hawa. Unapooanisha hedifoni na kompyuta, viwili hivyo hutengeneza ufunguo wa siri, wa biti 128, ambao ukiandikwa unakuwa herufi na tarakimu 32. Kila upande unauhifadhi. Hedifoni huuweka ufunguo chini ya anwani ya kipande cha Bluetooth kilichomo ndani ya kompyuta, anwani ya herufi na tarakimu 12 inayotoka kiwandani. Anwani hiyo haibadiliki eti kwa sababu umewasha Windows au Ubuntu. Kwa hedifoni, hiyo ni kompyuta moja tu. Kijana akioanisha usiku, ufunguo mpya unatengenezwa, hedifoni zinautupa wa zamani, na Ubuntu inaweka nakala yake. Asubuhi Windows inaleta ufunguo wa jana na kukataliwa. Ni chumba kimoja chenye wapangaji wawili wa zamu, kila anayeingia anabadilisha kitasa na kuondoka na funguo zote.

Ndiyo sababu kila dawa yangu ilionekana kuponya. Kila nilipomaliza kucheza na draiva ilibidi nizioanishe upya hedifoni, na kuoanisha ndiko kulikozifufua. Draiva haikuhusika hata kidogo. Matatizo ya draiva yapo, hasa upande wa Linux, pale ambapo programu ndogo ya kuamshia kipande cha Bluetooth haipo kwenye mfumo. Lakini ukiwa na tatizo hilo mara nyingi kompyuta haioni Bluetooth kabisa, hakuna cha orodha wala jina. Dalili ni tofauti, na mimi nilikuwa nazitazama zote bila kuzisoma.

Tiba yenyewe ni kuwapa wapangaji wote ufunguo mmoja. Tulianza kwa kuzioanisha hedifoni Ubuntu, kisha tukazioanisha Windows, ili ufunguo wa mwisho uwe wa Windows. Tukazima Fast Startup, maana Windows ikizimwa kwa mtindo huo haizimiki sawasawa, kiini chake hulazwa kwenye diski na Ubuntu huishia kuisoma diski hiyo bila ruhusa ya kuandika. Windows huficha funguo kwenye rejista yake, sehemu iitwayo BTHPORT, na hata ukiingia kama msimamizi wa mashine haikuonyeshi. Kijana alilijua hilo kuliko mimi: aliingia Ubuntu, akaifungua rejista ya Windows kwa programu ya chntpw, akanakili zile herufi na tarakimu 32. Kisha akafungua faili la info la hedifoni lililo ndani ya /var/lib/bluetooth, chini ya neno LinkKey akafuta ufunguo wa Ubuntu na kubandika ule wa Windows, bila nafasi katikati. Akaiwasha upya huduma ya Bluetooth. Zikaungana. Tukazima, tukaingia Windows. Zikaungana zenyewe, bila kuguswa. Kipanya cha Bluetooth cha kisasa kingehitaji funguo zaidi ya mmoja, ila kwa hedifoni hizi mmoja ulitosha. Na asiyetaka kazi hiyo anunue hedifoni zinazokuja na kijiti chao cha USB. Zile zimeshaoanishwa na kijiti chenyewe, mifumo yote miwili inaona kifaa cha sauti cha USB tu, na ugomvi huu haupo.

Dada alipokuja kuchukua laptopu akaniuliza ilikuwa nini. Hapa ndipo naona aibu kuliko pengine pote. Kijana alikuwa ameshaondoka. Nikamjibu, "Draiva, dada. Lakini safari hii nimeweka ya uhakika." Akalipa elfu kumi nyingine na kunishukuru. Nilijua ninachosema si kweli, nilijua aliyetengeneza ni mdogo wake, na nilijua mzee wa Kariakoo hana kosa. Nilidanganya kwa sababu ukweli ungenilazimu kueleza kila nilichofanya kabla.

Bila shaka kijana alimweleza nyumbani. Dada hakupiga simu kugomba, wala hakurudi. Nilimtafuta mimi, nikamrudishia hela za ufundi zote pamoja na ile aliyoongeza dukani. Kariakoo nilikwenda kwa miguu yangu, nikajitambulisha kwa mzee kuwa mimi ndiye yule fundi wa simuni. Hakunifokea. Zile hedifoni za kwanza alikuwa ameshaziuza kwa bei ya hasara, akanitajia tofauti, nikailipa.

Fundi mwenzangu, kama umewahi kumwambia mtu mwenye Windows na Linux kwenye mashine moja kwamba hedifoni zake ni feki, mpigie leo umuulize zinagoma baada ya nani kuzitumia.