Tulipoazima Kioo cha Mjomba

Bila shaka mmewahi kuiona ile tarakilishi ya mezani isiyo na sanduku kando yake. Mashine yote imefichwa nyuma ya kioo, utadhani ni televisheni. Je, tarakilishi kama hiyo yaweza kuiazima laptopu iliyovunjika kioo chake? Msicheke. Swali hili lilitukosesha usingizi wiki nzima hapa Bulla Pesa.

Kaka yangu hupiga video za arusi mjini Isiolo. Siku moja mbuzi wa jirani aliingia ndani, akajinasa kwenye waya wa chaji, na laptopu ikaja chini puu! Kioo kikawa cheusi tititi, ingawa mashine yenyewe ilinguruma kama kawaida. Ndani yake mlikuwa na arusi ya binti wa mtaani, aliyekuwa asafiri Jumatatu kumfuata mumewe Marsabit. Mamake alitaka waitazame pamoja kabla hajaondoka. Tena malipo ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuwa karo yangu. Kioo kipya nacho ni cha kuagizwa Nairobi.

Mtauliza, mbona asihamishie kazi kwenye tarakilishi ya mjomba iliyokuwa pale sebuleni? Ile ni kuukuu, memori gigabaiti 2 tu. Ukiifungulia programu ya kuhariri video inagoma kama punda wa maji. Tulichokitaka kwake ni kioo basi.

Kaka akanunua kebo ya HDMI, akaunganisha tundu kwa tundu. Wapi! Fundi mmoja sokoni ndiye aliyetufumbua macho. "Kijana wangu, hilo tundu ni mlango wa kutokea. Huwezi kuingilia hapo." Kumbe nyingi za aina hii hutoa picha tu, ni chache zenye tundu la kupokea. Hata Apple waliruhusu jambo hili kwa baadhi ya iMac za mwaka wa 2009 hadi 2014: unaunganisha kebo yake maalum, unabonyeza Command na F2, mashine inageuka kioo. Zile za 5K zilizoanza kuuzwa 2014 hazikupewa uwezo huo. Ya mjomba, hata hivyo, si iMac.

Fundi alijitolea kuipasua, akitoe kioo chenyewe na kukitia kibao kingine cha kukiendesha. Ingefaa kweli, lakini tarakilishi ingekuwa imekufa. Mama akakataa katakata. "Mali ya mtu haichinjwi mwenyewe hayupo!"

Ndipo kaka akakumbuka kile kifaa chake cha kunasa video, kidogo mithili ya flashi diski. HDMI ya laptopu ikaingia huku, USB ikaingia kwa tarakilishi ya mjomba. Nayo ikadanganyika, ikadhani imeletewa kamera! Tukafungua programu ya kamera, tukaipanua, na laptopu ikatokea kioo kizima. Haili bando hata la shilingi moja. Lakini sitawaficha: tulilazimika kupunguza picha hadi 720 ndipo ikaacha kukwama, maandishi madogo yana ukungu, na ukisogeza kipanya, mshale waja nyuma kama mtoto aliyetumwa dukani asitake. Kwa kucheza michezo, singemshauri mtu. Kwa kukata na kuunga arusi, ilitosha.

Jumamosi usiku, kaka akiwa ameshaiamuru laptopu itoe video kamili, stima ikapotea. Ya mezani haina betri, ikazima papo hapo. Laptopu ikaendelea, ila hatukuweza kuona chaji imebaki ngapi. Tukakaa gizani tukisikiliza feni yake.

"Ikinyamaza, tumekwisha," kaka akanong'ona.

Hakuna aliyejibu. Hata Mama alikaa kimya, jambo ambalo si la kawaida kwetu. Stima iliporudi ilikuwa yapata saa nne. Tukaiwasha ya mjomba, tukangoja ijikokote, tukafungua ile kamera. Asilimia 91. Kaka akaomba chai.