Lushoto kwa Fowili: Punguza Muziki Kidogo

Kama wewe na mwenzi wako mmechoshwa na joto la Dar, Lushoto ndio pa kukimbilia wikiendi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku mnajifunika blanketi zito, asubuhi ukungu unawagongea dirisha. Wajerumani waliupenda hadi wakaubatiza Wilhelmstal. Ila kabla ya blanketi kuna barabara, na barabara hii inalikagua gari kuliko gereji nyingi za mjini.

Kipande cha Korogwe hadi Mombo ni lami iliyonyooka, kwa hiyo zima redio dakika tano (ndiyo, hata kama ni wimbo wenu). Mara nyingi aliyekaa kushoto ndiye anayesikia kwanza, maana dereva macho yako kwenye malori. Akisema "kuna kitu kinavuma", tafadhali usimjibu "ni matairi tu". Mvumo ukizidi kwenye kona ya kulia na kupungua kwenye ya kushoto, shuku beringi ya gurudumu la kushoto, kwa sababu ndilo linalobebeshwa uzito. Kama ni mlio mwembamba, kama mluzi, unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, hiyo habari ni ya difu. Kabla hujauziwa difu nyingine, pima mafuta yake kwanza.

Mombo mnakata kulia, na kilomita 33 za kupanda kupitia Soni ni kona juu ya kona. Tik-tik-tik unapokunja usukani sana huku umekanyaga mafuta? Hiyo ni sivi-jointi. Chungulia nyuma ya gurudumu: mpira wake ukichanika, grisi inakuwa imetapakaa kote.

Sasa lile linalowatisha wengi. Ukiwa na fowili ya kuingiza kwa mkono, kama Suzuki Escudo za zamani, usiiingize kwenye lami kavu eti kwa usalama. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanazunguka njia ndefu kuliko ya nyuma, na mfumo huo umeyafunga yaende sawa. Kwenye tope tairi linateleza kidogo, mambo yanaisha. Kwenye lami haliwezi, kwa hiyo usukani unakuwa mzito, gari linarukaruka, kisha linasikika "ngo!" kama kitu kimekatika. Hakijakatika, ila endelea hivyo kitakatika kweli. Toa fowili. Lever ikigoma, tafuta mahali salama, rudi nyuma mita chache bila kukunja, itaachia. Zile za fowili ya muda wote zina difu ya katikati, hazina tatizo hilo mradi hujaifunga.

Ukipita Lushoto na msitu wa Magamba kuelekea Mtae, udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Hapo ndipo fowili inapokula mshahara wake. Na hapo ndipo "klang" ya kila unapoanza kuondoka, au unapotoka mbele kwenda rivasi, haitakiwi kupuuzwa. Mara nyingi ni krosi-jointi ya propela shafti. Ukiona vumbi la kutu kwenye vikombe vyake, imekauka grisi. "Klang" ikiambatana na mtetemo unaoongezeka na mwendo, mimi ningelala Lushoto. Najua chumba cha Mtae kimeshalipiwa. Lakini shafti ya nyuma ikidondoka mlimani, hata gia ya P haiwezi tena kulishika gari. Mnabaki na hendibreki na mawe mtakayookota.

Kwa fundi, usianze na "badilisha difu". Mwambie inalia lini: kwenye kona, ukiachia mafuta, ukianza kuondoka, gari likiwa la moto au la baridi. Mwombe mwende naye raundi moja, mwenzi wako akae nyuma asikilize upande.

Basi mkifika Mtae salama, kaeni ukingoni jua likizama, nyika ya Mkomazi ikiwa chini yenu. Kesho yake mnashuka kwa gia ndogo, siyo kwa breki tupu. Mkiwa Mombo, simameni mnunue maji na usogeze kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ni breki iliyoganda au beringi, na fundi aione kabla hamjaianza safari ya Dar.