Kamusi Yenye Muhuri

Binti yangu alinipa maboksi matatu. "Baba, vitakavyoenea humu ndivyo tutakavyohama navyo Morogoro," akasema, akaenda zake jikoni. Hakusema kwa ukali. Tangu mama yao afariki nyumba ile ilikuwa imenizidi ukubwa, na kwake nilitengewa chumba kimoja kizuri chenye rafu moja.

Vitabu vya saikolojia ya elimu havikunisumbua; nilimpa kijana wa jirani anayesomea ualimu. Mihtasari ya zamani tuliichoma. Kilichonikalisha kitako sakafuni ni kamusi ya Frederick Johnson, ile ya mwaka 1935 inayoeleza Kiswahili kwa Kiswahili.

Niliinunua mwaka 1975, nikiwa mwanachuo, kwa mzee aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia Dar es Salaam. Alitaka shilingi kumi, nikampa saba. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa haijatoka. Ilitoka mwaka 1981. Kwa hiyo kwa miaka sita Johnson ndiye aliyekuwa mwamuzi wangu. Alifariki mwaka 1937, na maneno mengi tuliyoyatumia sisi hakuwahi kuyasikia. Hayo niliyaandika pembeni kwa penseli, mpaka kurasa nyingine zikawa na mwandiko wangu kuliko chapa yake.

Ukurasa wa kwanza una muhuri wa maktaba ya shule: mviringo, wino wa zambarau, jina lasomeka vizuri, na namba ya kitabu chini yake. Niliuona siku ile ile niliyoinunua. Nilijiambia kwamba shule ilikuwa imeitupa. Huenda ni kweli. Lakini kitabu kilichofutwa hugongwa muhuri wa pili, na huo haukuwapo. Nalijua jambo hilo, kwani nilipokuwa mkuu wa chuo mimi ndiye niliyeidhinisha vitabu vya kufutwa. Mimi pia ndiye niliyezuia cheti cha mwanachuo mmoja hadi alipe kitabu alichopoteza. Alilia ofisini kwangu, akasema kimeibwa bwenini. Sikumsadiki. Nyuma yangu, rafuni, kamusi hii ilikuwa imesimama.

Shule ile bado ipo, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nilikwenda siku ya Jumatano. Msimamizi wa maktaba, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, aliniamkia, akaniketisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema madaftari ya zamani yaliharibiwa na mvua kabla yeye hajazaliwa.

"Kaa nayo tu, mwalimu. Hapa hatukudai kitu."

Nilitamani kumtii. Hata mkono ulioshika kamusi ulianza kurudi kifuani. Nikaiweka mezani haraka, nikamwomba aiandikishe.

Akafungua daftari jipya, akaandika jina la kitabu, mtungaji, mwaka. Akapekua kurasa, akauliza kama afute maandishi ya penseli. Nikamwambia ayaache. Alipofika kwenye safu ya mahali kitabu kilikotoka akainua kalamu.

"Niandike ni zawadi?"

"Hapana, mama. Andika kimerudishwa."