Manowari Iliyorudishwa na Wazee

Neno manowari tumelipata kwa Waingereza, nalo limekwisha kukaa vema katika kinywa cha Mswahili hata wanafunzi wetu wa hapa Bujumbura hushangaa wakiambiwa ya kwamba ni la kuazima. Aghalabu huuliza swali ambalo kamusi hailijibu: vita vikiisha, manowari huenda wapi? Nyingi hukatwakatwa zikauzwa chuma chakavu. Chache huponea, na mojawapo ya hizo ni Slater ya Marekani.

Slater ilishushwa majini huko Tampa, Florida, mwaka 1944. Ilikuwa miongoni mwa mamia ya manowari ndogo zilizoundwa kwa haraka ili zilinde misafara ya meli za shehena dhidi ya nyambizi za Wajerumani katika bahari ya Atlantiki. Haikuwa meli ya fahari. Urefu wake ni mita 93 tu. Mwaka 1951 ilipewa Ugiriki pamoja na wenzake watatu, na Wagiriki wakazipa majina ya tai, mwewe, simba na chui. Slater ndiyo iliyokuwa Aetos, yaani Tai, ikatumika hadi mwaka 1991.

Hapo ndipo wazee waliopata kutumikia meli za aina hiyo walipoanza kuchangishana. Wengi wao hawakuwahi hata kuikanyaga Slater yenyewe. Zile walizolala ndani yake ujanani zilikuwa zimekwisha kukatwa zamani. Walipata dola zipatazo 275,000, na mwaka 1993 Tai akakokotwa kutoka kisiwa cha Kreta hadi New York. Mwaka 1997 meli ikahamishiwa Albany, katika mto Hudson.

Twaona ya kwamba kuchanga fedha kulikuwa ndiko kwepesi. Chuma kikiwa majini hakina likizo. Wazee wa miaka sabini na zaidi walirudi juma baada ya juma, wakakwangua kutu na tabaka za rangi ya Wagiriki, wakapaka upya, wakikumbushana kila chombo kilikaa wapi. Wengine wamekwisha kufariki, na vijana wasioijua vita hiyo wamepokea tupa na brashi. Mwaka 2014 ilibidi meli iingizwe gudini ili tumbo lake litengenezwe, na michango ikaanza tena.

Jambo moja latutatiza. Slater ilitumikia Marekani miaka mitatu, nayo Ugiriki miaka arobaini. Walakini imerudishwa katika sura yake ya mwaka 1945. Aliyelipa ndiye aliyechagua kumbukumbu. Hatuwalaumu wazee hao, lakini baharia wa Kigiriki aliyeota mvi ndani ya Tai angeitafuta wapi meli yake humo?

Tena iko meli ambayo mchango wowote usingeweza kuirudisha. Mason, ya aina hiyo hiyo, ilianza kazi Machi 1944 ikiwa na mabaharia Weusi wapatao 160, wakati ambapo jeshi la majini la Marekani lilizoea kuwaweka Weusi jikoni na mezani. Mwezi Oktoba mwaka huo, katika dhoruba kali, sitaha yake ilipasuka. Mabaharia wakaiunga, wakarudi baharini kuusaidia msafara. Walipendekezewa barua ya sifa. Waliipata mwaka 1995. Mason yenyewe ilikwisha kuuzwa chuma chakavu mwaka 1947.

Nasi huku ziwani tunayo Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaitia mizinga, kisha wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 wasije wakanyang'anywa. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Vitabu vingi huishia kwenye mizinga hiyo, kana kwamba karibu miaka mia iliyofuata, ya abiria, mihogo na magunia ya dagaa, ilikuwa mapumziko tu. Mwaka 2015 Liemba iliwachukua maelfu ya wakimbizi wa kwetu kutoka Kagunga hadi Kigoma. Ikiwa siku moja itafanywa makumbusho, wanaoweza kueleza sitaha ilivyojaa siku zile wako Nyarugusu, Nyanza-Lac na hapa mjini, na baadhi yao tuliwafundisha sisi.