Karani wa Nyandarua

Karatina, Jumamosi, 8 Februari 2025

Chama cha historia cha shule kinataka niwazungumzie Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, tarehe 18, siku aliyonyongwa. Wanafunzi wanangojea bunduki na rasta. Mimi nimechomoa rafuni kitabu cha Maina wa Kinyatti, kile alichokusanyia barua, amri na kumbukumbu za mikutano ya msituni, na tangu chai ya jioni sijakiweka chini. Kilichapishwa London mwaka 1987 mwenyewe akiwa bado jela: alikamatwa 1982, akatoka 1988. Yaani karatasi za Kimathi zilikuwa zikisomwa Ulaya huku mtu aliyezihangaikia akila ugali wa serikali ya Kenya huru. Hilo nitawaambia, mwalimu mkuu akipenda asipende.

Mtu huyu alikuwa karani kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alizaliwa Tetu mwaka 1920, akasoma Karuna-ini kisha Tumutumu, hapa hapa kilimani kwetu, na mwaka 1952 alikuwa katibu wa chama cha KAU upande wa Thomson's Falls, Nyahururu ya leo. Alipoingia Nyandarua aliuhamishia ukatibu huo msituni. Alitaka kila kambi iwe na daftari: majina ya itungati, yaani wapiganaji, silaha zilizopo, nani kafa, nani katumwa wapi. Kumbuka hao ni watu waliokuwa wakinyeshewa mvua na mabomu, wanalala juu ya matawi ya mianzi, na bosi wao anauliza rejista iko wapi.

Jumanne, 11 Februari

Leo Karari Njama. Naye alikuwa mwalimu, mtoto wa Nyeri, aliyesoma Alliance, na kumbukumbu zake alizoandika na Donald Barnett zilitoka 1966. Huyu ndiye aliyekuwa akiandika mengi Kimathi alipokuwa akiamua. Agosti 1953 viongozi walikutana Mwathe, ndani ya Nyandarua, wakaunda Baraza la Ulinzi la Kenya. Februari 1954 likaja Bunge la Kenya, Kimathi akiwa Waziri Mkuu. Bunge bila paa. Lakini lilikuwa na katibu, na kumbukumbu ziliandikwa.

Sasa hapa ndipo panaponikera, na sitaki kupapita haraka kwa kuwa namuenzi mtu. Si wote waliokuwa msituni waliojua kusoma. Stanley Mathenge, ambaye wengi walimheshimu kama mpiganaji kuliko Kimathi, hakuwa mtu wa kitabu. Kwake na kwa wenzake, daftari lilikuwa njia ya vijana wa shule kuwapanda mabegani wazee wa vita. Wakaunda kundi lao, Kenya Riigi, na mgawanyiko huo haukupona tena. Ukizisoma barua za Kimathi ukijua hayo, unasikia sauti nyingine chini ya zile amri: mtu anayetaka kila kitu kipite mezani kwake, anayependa vyeo (Field Marshal, na "Sir" juu yake, cheo cha Waingereza wale wale), asiyeamini kwamba jambo limetendeka mpaka liandikwe. Waandishi wetu wamemfanya nabii. Mimi namwona meneja mkali, na bado nampenda.

Tena, tunazo barua zake kwa sababu adui alizikamata. Ya Mathenge tunayajua kwa midomo ya watu wengine tu, na wengi wao walikuwa upande wa Kimathi.

Alhamisi, 13 Februari

Baada ya vipindi nilipita sokoni kununua viazi, nikawa nafikiri njia nzima juu ya Jenerali China. Huyu alikuwa kamanda wa upande wa Mlima Kenya. Alijeruhiwa na kukamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo Nyeri. Serikali ikaona barua zake zina faida kuliko shingo yake. Akiwa kizuizini aliwaandikia makamanda wenzake wa mlimani waje wazungumzie kujisalimisha. Fikiria unapokea barua hiyo: mwandiko wa mkubwa wako, ila unajua wazi nani amesimama nyuma ya kiti chake. Mazungumzo yakavunjika Aprili kwa risasi. China akaponea kitanzi, akapelekwa gereza la Lokitaung, na huko Kenyatta, naye mfungwa, akamfundisha Kiingereza. Darasa gani hilo!

Wakati huo ndege nazo zilikuwa zikimwaga vikaratasi juu ya miti, vya kumwahidi usalama atakayetoka na tawi bichi mkononi. Vita vya karatasi kwa karatasi.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa nilikaa na cucu, bibi jirani yetu, aliyekuwa msichana kijijini wakati wa Hali ya Hatari, vijiji vile vya kuzungushiwa handaki. Nikamuuliza kama aliwahi kuona barua ya msituni.

"Mwalimu, barua tuliyoijua sisi ni pasi," akasema. "Huendi shamba bila pasi, huendi kwa mama yako bila pasi. Na mwenye mhuri ndiye Mungu."

"Na cheti cha uaminifu kwa serikali, cucu?"

Akacheka mpaka leso ikamshuka begani. "Hicho waulize waliokuwa nacho. Wana mashamba mazuri."

Machi 1957, mwezi mmoja tu baada ya Kimathi kunyongwa, Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Huku kwetu Mkoa wa Kati hukupiga kura bila cheti hicho.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemaliza nakala ya kesi ya Kimathi. Ilidhaniwa imepotea kabisa, mpaka mwanahistoria Julie MacArthur alipoipata na kuichapisha mwaka 2017. Ndirangu Mau, polisi wa kikabila, alimpiga Kimathi risasi alfajiri ya 21 Oktoba 1956. Novemba Kimathi akafikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor hapa Nyeri. Shtaka: bastola na risasi zake. Basi. Miaka minne ya msitu, daftari zote zile, Bunge, na kosa la kunyongewa ni chuma cha kiunoni. Yeye akajitetea kwamba alikuwa akitoka kwenda kujisalimisha. Hawakumsadiki.

Kisha ile barua ya tarehe kama ya leo, 17 Februari 1957, kutoka gereza la Kamiti, kwa Padri Marino wa misheni ya Nyeri. Kiingereza chake kinajikwaa hapa na pale. Hana amri kwa mtu yeyote. Anajiandaa kwenda mbinguni kesho yake, na ana shughuli za nyumbani za kupanga: mama yake mzee asiachwe peke yake, mkewe Mukami aliye kizuizini afarijiwe, mwanawe apate nafasi katika shule za misheni. Mukami alifariki 2023 akiwa bado anaidai mifupa ya mumewe.

Kuna wenzangu wa chumba cha walimu wasioitaka barua hii. Wanaona inamlainisha, inamrudisha kanisani. Mimi naona ni yule yule karani, anafunga hesabu. Kesho nitaanza nayo, kabla ya bunduki, na mwalimu wa dini na yule wa Kiswahili wakitaka kugombania nani mwenye Kimathi, wagombane mbele ya watoto.