Mkono juu ya mgongo wa farasi

Kila siku ya posho tunapokutana, swali ni lile lile: "Mama, farasi wanakusaidia nini?" Wengine wanacheka. Nawaelewa. Hapa Lubumbashi farasi ni mnyama wa watu wenye pesa, na katika sehemu nyingi za nchi yetu hawezi kuishi vizuri kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wanaoueneza. Jibu langu ni fupi: farasi wananilipia masomo ya watoto wanne tangu baba yao alipofariki. Lakini leo nataka kueleza kazi yenyewe, maana mama aliyelea mtoto mchanga ameshajua nusu yake. Wote wawili hawasemi. Unasoma mwili.

Ninafika saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kugusa burashi, natazama. Amemaliza majani ya usiku? Mavi yako wapi, na yakoje? Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo likimsokota ni hatari kubwa. Ukimwona anageuka kuangalia ubavu wake, anajipiga tumbo kwa mguu, au analala na kugaagaa, usingoje bosi aamke: mwite muganga wa wanyama.

Halafu naongea naye, ndipo namkaribia kutoka upande wa bega la kushoto. Usimtokee nyuma kimya. Nainua miguu mmoja mmoja na kuchokoa uchafu kwenye kwato, nikivuta chuma kutoka kisigino kwenda mbele ili nisichome ile nyama laini ya pembe tatu iliyo katikati. Wakati wa mvua sehemu hiyo hupata weusi wenye harufu mbaya kama kitu kilichooza. Ukisikia harufu hiyo, mnyama amesimama sana kwenye matope na banda lake linataka kukaushwa.

Burashi nayo ina mpango wake. Kitana cha mpira kwanza, kwa kuzungusha, kwenye nyama nene tu. Usoni na kwenye mifupa ya miguu hapana. Kisha burashi ngumu kufuata njia ya manyoya, kisha ile laini. Kitambaa cha kupangusa macho na pua si kile cha chini ya mkia, na kwa nini, sina haja ya kuwaeleza wamama.

Sasa ndiyo sehemu ambayo vijana wengi wanairuka. Ukimaliza burashi, weka burashi chini. Pitisha kiganja kitupu mgongoni, taratibu, kuanzia pale shingo inapoishia na mfupa unapoinuka, mpaka kiunoni, pande zote mbili. Unatafuta joto, uvimbe, ganda la jasho kavu, mahali ngozi inaposhtuka. Punje moja ya mchanga chini ya tandiko, na mtu wa kilo 60 juu yake, ni kama jiwe ndani ya kiatu ambacho huwezi kukivua.

Mwaka juzi mkono wangu ulikuta kitu. Ilikuwa siku ya posho, wageni wamekaa, binti wa mwenye farasi amevaa tayari. Upande wa kushoto, chini kidogo ya ule mfupa, palikuwa na uvimbe kama yai la njiwa, na pana moto. Kwa macho hauonekani kabisa. Nikamwambia mzee farasi huyu leo hapandwi. Akasema, "Mama, tandika." Nikakaa kimya kidogo. Nilikuwa nawaza mfuko wa unga wa bukari nyumbani, na mwezi ulikuwa bado siku tisa kuisha. Kisha nikasema: "Baba, ninakuheshimu. Weka mkono wako hapa." Akauweka, mbele ya wageni wake. Farasi akazama mgongo na kurudisha masikio nyuma. Mzee akaondoka bila neno.

Majuma mawili hakunisalimu. Nililala vibaya, nawaambia ukweli. Mwisho wa mwezi mshahara ukaja mzima, na siku iliyofuata akamtuma dereva apeleke tandiko kwa fundi wa ngozi. Fundi akalifungua: sufu ya ndani, upande wa kushoto, ilikuwa imegandamana na kuwa ngumu kama ngumi. Farasi alipumzika mwezi na zaidi. Mpaka leo ana doa jeupe pale, kwa sababu manyoya yakiota tena juu ya kidonda cha tandiko mara nyingi hutoka meupe. Ukienda kununua farasi na ukaona madoa hayo mgongoni, uliza.

Kwa hiyo kutandika kuna adabu yake. Weka tandiko mbele kidogo, kisha livute nyuma mpaka likae. Ukilisukuma mbele unageuza manyoya. Kitambaa cha chini kiinue kiingie katika mfereji wa tandiko, kisibane ule mfupa. Mkanda wa tumbo ukaze kidogo, mtembeze hatua chache, kisha ukaze tena. Wengine hujaza pumzi unapokaza, halafu tandiko linazunguka na mpandaji yuko chini. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi yetu ya Katanga mnaijua: pasha chuma cha mdomoni kwa viganja kabla ya kumwekea.

Baada ya safari, osha chuma hicho, futa jasho kwenye ngozi za hatamu na tandiko kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni ya ngozi, uzianike kivulini. Jua la kiangazi linazipasua, na hatamu iliyopasuka inakatika wakati mtu yuko mbio.

Wamama wawili wameniomba niende na binti zao wakati wa likizo. Waje. Wavae suruali na viatu vinavyofunika vidole, kikwembe kibaki nyumbani, nywele zifungwe, hereni zitolewe. Na wale vizuri kabla ya kutoka, maana mimi sipumziki mpaka saa sita.