Kwa baiskeli ndani ya msitu uliooteshwa juu ya mwamba

Ikiwa unaishi Kisauni, Likoni au Changamwe, na nyumbani mwako mna mtoto mwenye baiskeli, bila shaka unaijua taabu ninayotaka kuizungumza leo. Mtoto anataka kuendesha, lakini wapi? Vichochoroni hamna nafasi. Uwanja tuliokuwa tukichezea zamani umejengwa maduka. Barabara kuu nayo ina matatu, tuktuk, bodaboda na malori, na hakuna hata mmoja anayemhurumia mwenye magurudumu mawili yasiyo na injini. Mwishowe baiskeli huegeshwa nyuma ya mlango hadi tairi zikaisha upepo, na mtoto akarudi kwenye televisheni na simu.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu kwa karibu mwaka mzima. Kijana wangu alipotimiza miaka 12 nilimnunulia baiskeli ya mtumba. Wiki mbili baadaye mimi mwenyewe nilimpiga marufuku kuitoa nje ya lango, kwa kuwa nilishuhudia kwa macho yangu lori likimkosa kidogo tu karibu na Kongowea. Mama yake aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa baba, ulimnunulia mtoto baiskeli au pambo la nyumba?"

Jibu nililipata Bamburi.

MACHIMBO YALIYOGEUKA MSITU

Wengi wetu tunaijua Bamburi kwa ufuo wake na kwa vumbi la saruji. Kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo mwaka 1954. Saruji hutokana na mawe ya chokaa, na mawe ya pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Yalipochimbwa miaka nenda miaka rudi, palibaki uwanja mweupe wa mwamba mtupu: hapana udongo, hapana kivuli, na maji ya chini yana chumvi.

Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi na kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, mti wa damas wenye asili ya Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, basi huweza kukua mahali ambapo miti mingine hufa njaa. Hata hivyo, palitokea shida nyingine. Majani yake membamba kama sindano yalidondoka na kurundikana bila kuoza, na bila majani kuoza hapapatikani udongo. Ufumbuzi ulitoka kwa mdudu ambaye watoto wetu humchokoa kwa kijiti: jongoo mwenye miguu myekundu. Jongoo waliletwa kwa wingi, wakayala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Udongo ukaleta miti mingine, miti ikaleta ndege na wanyama.

Mwaka 1984 sehemu ya machimbo hayo ilifunguliwa kwa wageni, na tangu 1999 inaitwa Haller Park. Ndipo alipopelekwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee.

SIKU TULIYOKWENDA

Kwa waendesha baiskeli, panapohusika hasa ni sehemu nyingine ya machimbo hayo, ijulikanayo kama Forest Trails. Humo mna njia za udongo na kokoto zilizotengwa kwa watembeao, wakimbiao na wenye baiskeli, zikipita chini ya mivinje na kando ya vidimbwi. Lori hulioni.

Sikuthubutu kumpitisha kijana barabara ya Malindi. Tulikodi pikapu, tukapakia baiskeli mbili, yake na ya kuazima, tukafika asubuhi kabla jua halijakaza. Hatua za kwanza alienda polepole mno, shingo ameikaza, kila mara akitazama nyuma kama kwamba kuna honi itakayolia. Ilimchukua muda kuamini kwamba nyuma yake hakuna kitu ila baba yake anayehema.

Kisha akaanza kukanyaga. Alifika penye kona, akanipotea machoni. Moyo ulinipasuka, nusura nimwite. Nikasikia kengele ya baiskeli yake ikilia mbele, mara mbili, kana kwamba ananiambia yu salama. Msomaji, hapo nilitambua kwamba mwenye kuogopa kwa mwaka mzima hakuwa mtoto.

Alianguka mara moja. Alifunga breki ya mbele kwa ghafla juu ya majani ya mvinje, nayo huteleza kama sakafu yenye maji. Alichubuka goti. Alipokuwa ameketi chini ndipo alipomwona jongoo akipita, miguu myekundu kweli, nikapata nafasi ya kumsimulia kisa cha msitu. Aliniuliza, "Baba, hapa tulipo palikuwa jiwe tupu?" Nikamwambia ndiyo, wakati babu yako alipokuwa kijana.

YA KUZINGATIA

Usidanganywe kwamba lazima uwe na baiskeli ya bei kali. Ni kweli kwamba siku hizi kuna baiskeli zilizoundwa makusudi kwa njia za kokoto, na tangu 2021 kuna mashindano yake huko Maasai Mara. Mkenya Sule Kangangi, aliyefariki mwaka 2022 katika mashindano ya aina hiyo Marekani, aliwahi kuwa mwendesha bodaboda. Kwako wewe na wanao, baiskeli yoyote yenye tairi pana na breki nzima inatosha. Punguza upepo kidogo ili tairi ishike kokoto vyema. Chukua pampu, viraka na gundi, maana mwiba hauulizi umetoka wapi. Beba maji mengi, na dawa ya mbu kwa ajili ya vidimbwi.

Ulizia mapema saa za kufunguliwa na kiingilio. Atokaye Likoni ahesabu muda wa feri, na wa Changamwe foleni ya Makupa. Nguvu zikibaki, si mbali kutoka hapo kuna Nguuni, penye twiga, pofu na mbuni katikati ya mikoma, na machweo yake ni ya kupendeza.

Wahenga walisema tembea uone. Mimi nimeona kwamba mwamba uliochimbwa ukabaki mfupa mtupu waweza kuvikwa tena nyama, mradi apatikane mtu wa kuvumilia na jongoo wa kutosha. Na baiskeli yetu? Haikai tena nyuma ya mlango.